Maswali ya Wasomaji: iPhone Iliyotumika au Android Mpya?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu ameshika fedha, au ameshikishwa simu, na hajui afuate mfumo upi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu hali ya aliyeiandika ndiyo hali ya wasomaji wetu wengi.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Simu yangu imedumu miaka minne na sasa inajizima ovyo. Nimejinyima hadi nikafikisha shilingi laki saba. Mpwa wangu anayefanya kazi Kariakoo ananishawishi nichukue iPhone 11 iliyotumika, iliyoletwa kutoka Dubai, akidai kwamba iPhone hata ikizeeka bado ni iPhone. Mume wangu anasema kwa fedha hiyohiyo nitapata Samsung mpya kabisa, yenye risiti na dhamana. Simu yangu ndiyo benki yangu, ndiyo daftari langu la maandalio ya somo, na ndiyo njia ya kuzungumza na mwanangu aliyeko chuoni Dodoma. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, na ninavyoona mimi, mpwa wako na mume wako hawabishani juu ya jambo moja. Mpwa anazungumzia jina, mume anazungumzia hali ya simu. Ubishi wa iPhone na Android unaousikia vijiweni na ndani ya daladala ni ubishi wa simu mpya kwa simu mpya, zile za mamilioni, na kwa laki saba huo si ubishi wako. Wewe unachagua kati ya simu iliyokuwa ya hadhi ya juu mwaka 2019, ambayo mtu mwingine ameshaila nguvu zake, na simu ya kati ambayo hajaishika mtu.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. iOS, mfumo unaoendesha iPhone, hutengenezwa na Apple peke yake na hauwekwi kwenye simu ya kampuni nyingine yoyote. Android iko chini ya Google, iliyoinunua kampuni changa iliyokuwa ikiuunda mfumo huo mwaka 2005, lakini watumiaji wake ni wengi: Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi na wengineo, kila mmoja akiongeza viungo vyake. Ni unga uleule wa ngano. Huyu anachoma chapati, yule anakaanga maandazi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Android ni mbovu, muulize ni Android ya nani, kwa maana huenda alichokionja ni chapati ya mpishi mmoja tu.

Cha kupima kabla ya kamera na kabla ya uzuri ni umri uliobaki. Simu janja huhitaji masasisho, yaani marekebisho ambayo mtengenezaji huyatuma kwa njia ya intaneti ili kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni wameigundua. Hapa Apple ina sifa inayoistahili: iPhone 11 iliingia sokoni Septemba 2019 na bado ilipokea toleo la iOS 26 mwaka 2025. Hata hivyo, toleo hilohilo ndilo lililoziacha nje iPhone XR na XS za mwaka 2018, na kwenye foleni ya kuachwa anayefuata ni huyo unayetaka kumnunua. Siku hiyo simu haitakufa. WhatsApp, kwa mfano, mwaka 2025 ilianza kudai iOS 15.1 au zaidi, na iOS 15 ni ya mwaka 2021, kwa hiyo mazungumzo na mwanao yataendelea kwa muda mrefu. Ila utakuwa umenunua jioni ya simu kwa fedha ambayo ingekununulia asubuhi.

Upande wa pili, Galaxy A16 iliyotoka mwaka 2024, ambayo si simu ya matajiri, Samsung imeahidi kuipatia masasisho kwa miaka sita. Si kila Android ina ahadi ya namna hiyo. Zipo za bei nafuu ambazo hupata toleo jipya mara moja, au hubaki vilevile zilivyotoka kiwandani hadi zinapotupwa, na muuzaji wa dukani mara nyingi hajui tofauti. Chukua jina kamili la simu lililoandikwa kwenye boksi, ulitafute mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutoa fedha.

Umesema simu ni benki yako. Kwa upande wa menyu ya *150*00# na nyinginezo kama hizo, hakuna mshindi, kwa sababu huduma ile inafanywa na mtandao wala haiangalii mfumo wa simu. Hata kitochi cha elfu thelathini kinaitoa vizuri. Tofauti inajitokeza kwenye kile ambacho programu nyingine zinaweza kukichungulia. Katika Android, programu inaweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi wako, nawe ukibonyeza kukubali kwa haraka, basi salio lako, miamala yako na zile namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki vimekuwa wazi. iPhone haitoi ruhusa hiyo kwa programu ya nje, hata ukitaka. Hili si jambo dogo kwetu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina 69 ya majukwaa na programu za mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, na waliowahi kudhalilishwa na wakopeshaji wa aina hiyo, kwa kutumiwa ujumbe wakwe zao na wakuu wao wa kazi, wanajua namba za watu hao zilipatikana wapi: ndani ya simu ya mkopaji mwenyewe. Tangu mwaka 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizoko Play Store kugusa orodha ya majina na picha, lakini programu inayokuja kwa kiungo cha WhatsApp haipiti kwenye lango hilo. Hapa mpwa wako anapata alama, ingawa alama hiyo unaweza kumnyang'anya kwa kuamua tu kwamba hutasakinisha kitu chochote kutoka nje ya Play Store.

Kisha kuna chaji. iPhone 11 ina betri ya 3,110 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa, ikiwa mpya, na yako haitakuwa mpya. A16 ina 5,000. iPhone 11 hutumia tundu la Lightning, ambalo Apple yenyewe ilianza kuliacha kwenye iPhone 15 ya mwaka 2023 ikahamia USB-C, tundu lilelile lililoko kwenye A16. Fikiria umeme umekatika tangu usiku, uko ofisi ya walimu, mwenzako ana pawabenki. Waya wake utaingia kwenye simu gani?

Hata hivyo najua mpwa hasikilizwi mara moja akanyamaza, na huenda ukajikuta umesimama Mtaa wa Aggrey simu ikiwa mkononi. Basi ishike ikiwa uchi, bila kava na bila protekta, uone kingo na kioo. Fungua Settings, kisha General, kisha About. Nayaandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta, iPhone haina menyu za Kiswahili. Tazama namba ya modeli: ikianza na herufi M, simu iliuzwa ikiwa mpya, F, iliwahi kurudishwa na kukarabatiwa na kampuni, N, ilitolewa kufidia iliyoharibika. Shuka chini kidogo. Kama fundi alibadilisha kioo au betri kwa kifaa kisicho cha kampuni, iPhone 11 yenye mfumo wa karibuni itakuandikia Unknown Part, nawe utajua kwamba ile 'haijafunguliwa hii' uliyoambiwa ilikuwa hadithi.

Baada ya hapo nenda kwenye afya ya betri. Ukurasa huo una historia yake: Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, malalamiko yakawa makubwa duniani kote, na mwaka 2018 ikaongeza sehemu inayomwonyesha mwenye simu asilimia iliyobaki. Chini ya 80, hesabu bei ya betri mpya ndani ya laki saba zako. Asilimia 100 kwenye simu ya mwaka 2019 nayo isikufurahishe haraka, kwani maana yake ni kwamba betri ilibadilishwa, na swali linakuwa ilibadilishwa na nani.

La mwisho ndilo lisilosameheka. Mwambie muuzaji aifute simu yote na kuiwasha upya mbele yako. Ikiomba barua pepe na nenosiri la mtu mwingine, hiyo ni kufuli ambayo Apple iliiweka mwaka 2013 ili simu iliyoibwa isimfae mwizi, na hakuna fundi wa kuaminika anayeifungua. Mrudishie simu yake, hata akiapa kwamba nenosiri liko kwa kaka yake na kesho ataleta. Ikipita hapo, bonyeza *#06#, uchukue namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15 na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizifungia simu bandia tangu Juni 2016, na jibu la ujumbe huo litakutajia aina ya simu. Ikikutajia aina nyingine na hiyo uliyoishika, ondoka.

Ukinitaka nitamke bila kuzunguka, niko na mume wako. Simu hii ni moja, hakuna ya akiba, na duka lenye risiti ndilo litakalokusikiliza ikizima wiki ya pili. Ungekuwa na simu nyingine ya kufanyia miamala, na iPhone ingekuwa ya kupigia picha na kuhifadhia kumbukumbu, ningekuachia uifuate roho yako.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni muuza mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa. Nimetumia Android miaka yote. Dada yangu aliyeko Ohio, Marekani, amenitumia iPhone 14 kama zawadi, lakini haina mahali popote pa kuingizia laini. Fundi mmoja ameniambia ni simu ya kutupwa, nimwuzie kwa bei ya spea. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usimwuzie. Simu hiyo haina kasoro. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, Apple iliondoa tundu la laini kwenye simu zinazouzwa Marekani, na badala yake laini huwa ya kidijitali, eSIM, inayoandikwa ndani ya simu baada ya kupiga picha ya alama ya QR unayopewa na mtandao. Safaricom na Airtel zote hutoa eSIM nchini Kenya. Nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao wako, si kwa wakala wa kibandani, na namba yako itabaki ileile.

Kabla ya kwenda, hata hivyo, fungua Settings, kisha General, kisha About, na utafute mstari wa Carrier Lock. Ukisomeka No SIM restrictions, uko huru. Ukisomeka vinginevyo, simu bado imefungwa kwenye kampuni ya huko Marekani, pengine kwa sababu dada alikopeshwa na hajamaliza kulipa, na anayeweza kuifungua ni kampuni hiyo kwa ombi lake yeye. Usimlipe mtu wa mtaani anayedai ataifungua kwa programu.

Lakini nikuambie upande ambao dada hakukuambia. M-Pesa itafanya kazi, *334# itafunguka kama kawaida. Kinachobadilika ni siku ya dharura. Mwenye laini ya plastiki, simu ikiishiwa chaji saa kumi jioni na mteja anasema ameshatuma, huichomoa, akaitia kwenye mulika mwizi ya jirani na kuuona ujumbe wa malipo umeingia. Wewe hutaweza. Simu ikianguka majini, kuihamisha namba kunahitaji safari ya dukani, na foleni ya siku hiyo ni mapumziko ya lazima kwa biashara yako. Kwa mtu anayeuza na kupokea malipo siku nzima, ningependa laini ya biashara ibaki kwenye Android yako ya zamani na iPhone ichukue laini ya pili, ya nyumbani na ya kupigia picha za nguo unazoziweka mtandaoni, ambazo kwa kweli zitatoka vizuri.

Wasomaji wenye jamaa Dubai, Riyadh na Maskati nao waliangalie jambo hili. Zamani simu ya Ghuba ilikuwa kimbilio la anayeikwepa ile ya Marekani, lakini tangu iPhone 17 ya mwaka 2025, zile zinazouzwa Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudia na Oman nazo hazina tundu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, Morogoro. Kwa nini tunalazimishwa kuchagua kati ya mifumo miwili tu? Nimeona simu ya Huawei nzuri sana yenye mfumo wake wenyewe, na bei yake inanivutia. Je, nikinunua nitajuta?

JIBU: Hatukuanza na miwili. Steve Jobs alipoionyesha iPhone Januari 2007, mikononi mwa watu kulikuwa na Nokia zenye Symbian, na wakubwa wa maofisini walikuwa na BlackBerry. Simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka 2008. Nokia iliamua mwaka 2011 kuiacha Symbian na kuhamia Windows Phone ya Microsoft, Microsoft ikaja kuinunua biashara hiyo ya simu mwaka 2014, na bado haikusaidia. Kilichoiua mifumo hiyo hakikuwa ubovu. Wapo wanaoapa hadi leo kwamba Windows Phone ilikuwa nyepesi kuliko Android ya siku zake, na mimi siwapingi. Iliuawa na mduara: waandishi wa programu hawaandikii mfumo usio na watu, na watu hawanunui simu isiyo na programu. Kwetu mduara huo ulijifunga siku WhatsApp ilipoondoka. Windows Phone iliachwa mwisho wa mwaka 2019, na huduma za BlackBerry ya zamani zikazimwa tarehe 4 Januari 2022.

Huawei haikutoka Android kwa kupenda. Mei 2019 Marekani iliiwekea vikwazo, na simu yake ya Mate 30 ya mwaka huohuo ikazinduliwa bila huduma za Google: bila Play Store, bila ramani, bila YouTube ya kawaida. Ndipo ikaukuza mfumo wake wa HarmonyOS, na toleo la mwaka 2024 lililotoka China halikubali tena programu za Android. Huko China mfumo huo unasimama kwa miguu yake, kwa kuwa mambo mengi ya kila siku hufanyika ndani ya WeChat, programu ya huko ya mazungumzo na malipo. Huku, nakushauri kitu kimoja kinachofanyika kwa dakika kumi: andika programu sita ambazo huwezi kuishi bila kuzifungua, ya benki ikiwemo na ya chuo ikiwemo, kisha mwombe muuzaji azifungue zote kwenye simu hiyohiyo, akitumia duka la programu lililomo ndani yake, bila ujanja wa kupakua mahali pengine. Ya benki ndiyo hukwama mara nyingi, kwa sababu baadhi yake hutegemea huduma za Google ili kuhakikisha kwamba simu haijachezewa. Zikifunguka zote sita, nunua, na kamera utaifurahia.

Swali lako la pili, ambalo sikulichapa kwa urefu wake, lilihusu mazungumzo ya WhatsApp kupotea unapohama. Kutoka Android kwenda iPhone, na kinyume chake, yanahamishika, ila kazi hiyo hufanywa mwanzoni, simu mpya ikiwa bado haijaanza kutumika. Nakala iliyohifadhiwa Google Drive haifunguki ndani ya iPhone, na ya iCloud haifunguki ndani ya Android. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshaiuza simu ya zamani.

SWALI: Baba yangu ni mvuvi mstaafu wa Kilwa Kivinje, ana miaka 71. Anasoma Kiswahili tu, anapenda redio na qaswida, na anataka kuwaona wajukuu kwenye video. Nina iPhone yangu ya zamani kabatini. Nimpelekee hiyo, au nimnunulie nyingine?

JIBU: Mnunulie Android ya kawaida, na mzee mpe shikamoo yangu. Android huzungumza Kiswahili kuanzia menyu ya kwanza: ingia kwenye mipangilio, upande wa lugha, uchague Kiswahili, na maneno yote yatageuka mbele ya macho yake. Simu nyingi za bei ya chini za itel, Tecno na Infinix zina redio ya FM isiyokula bando, iPhone haina. Mnunulie na hedifoni za waya, maana mara nyingi waya huo ndio antena. Zina pia nafasi ya memori kadi, ambayo kijana yeyote wa mjini Kilwa ataijaza qaswida na kumrudishia. Kuza maandishi hadi kiwango cha mwisho, weka picha za wajukuu kwenye ukurasa wa kwanza ili akigusa uso apige, na zima ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store.

Ile ya kabatini iache kabatini. Ukimpelekea, atakupigia kila jioni baada ya isha kukuuliza neno Update lina maana gani na kwa nini linarudi.